Luau ya Hawaii: jinsi ya kuchagua ya kweli kabla hujatoa hela yako

Ndugu zangu, kila likizo ikikaribia napata meseji za watu wanaoenda Hawaii, wengine wanaishi huku huku Marekani kama mimi, wengine wanatokea Nairobi au Dar kwa fungate, na swali ni lile lile, twende luau gani, yaani ile karamu ya Kihawaii ya chakula na ngoma? Maana ukiingia tu kwenye intaneti unakuta luau chungu nzima, zote zinajiita za asili, zote zina picha ya mtu anazungusha moto na jua linazama nyuma yake. Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja, nikiulizwa natuma hii.

Mi nimeenda mbili na zilitofautiana kama mbingu na ardhi. Ya kwanza tulilipa hela nyingi kwenye hoteli moja ufukweni, tukapangwa nyuma kabisa, nyama ikaletwa kwenye masinia imeshachambuliwa hatukuona hata moshi, poi, ule uji mzito wa magimbi, ikawa kwenye kikopo cha plastiki na hakuna aliyetueleza inaliwaje, mume wangu akaonja kijiko kimoja akasukuma pembeni, tukaangalia moto ukizungushwa tukarudi kulala. Ya pili hatukulipa hata senti. Mwenzangu wa kazini kwao ni Hawaii na mtoto wake alikuwa anatimiza mwaka mmoja, akatualika nyumbani kwa wazazi wake. Kule mtoto kutimiza mwaka ni jambo kubwa sana kwa sababu zamani wengi walikuwa hawafiki hapo, kwa hiyo ukoo mzima unakuja, wanaume wamekesha na shimo la moto, mabibi wanakunja majani, na mimi nimekaa pale nanusa tui la nazi na majani ya magimbi nikajiona kabisa niko kwa bibi yangu Tanga. Ndo nikaelewa ile ya kwanza tulichagua vibaya. Siyo kwamba luau za kulipia ni mbaya, zipo nzuri mno, ila lazima ujue uulize nini.

Na kabla ya hatua zenyewe, lijue hili neno. Luau ni majani machanga ya magimbi, Wakenya mnasema nduma, yanapikwa na tui la nazi mpaka yanalainika kabisa pamoja na kuku au pweza. Ndiyo, pweza wa nazi, watu wa Unguja mtafurahi, ila ukiona kwenye menyu wameandika ngisi usishangae, kule wamezoea kumwita pweza kwa jina la ngisi. Jina la hicho chakula likahamia kwenye karamu yenyewe karne ya 19, zamani waliita ahaaina au paina. Na kukaa wake kwa waume mkala pamoja ni kitu kilichopiganiwa. Mpaka mwaka 1819 kulikuwa na miiko iliyoitwa kapu, wanaume wanakula kwao na wanawake kwao, mwanamke akikutwa amekula nguruwe au nazi au ndizi za aina nyingi adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Mfalme Kamehameha wa kwanza alipofariki mwaka huo, mjane wake Kaahumanu pamoja na Keopuolani, mama mzazi wa mfalme mpya, wakamsukuma mfalme huyo kijana, Liholiho, akaenda kuketi na wanawake akala nao mbele ya watu wote, basi miiko ikavunjika siku hiyo. Ilikuwa sehemu inaitwa Kamakahonu, mjini Kailua-Kona kwenye Kisiwa Kikubwa (Big Island), na mpaka leo luau hufanyika hapo hapo pembeni ya bahari karibu na hekalu la Ahuena. Mtu anayependa historia hiyo ni sababu tosha ya kuichagua Kona.

Hatua ya kwanza, chagua kisiwa kabla ya luau

Watu wengi wanaona luau nzuri kwenye picha wanalipa halafu wanagundua iko kisiwa kingine. Hawaii ni visiwa, na kutoka Oahu kwenda Maui au Kauai au Kisiwa Kikubwa unapanda ndege, hakuna boti ya kuvuka kama ya Dar na Zanzibar, ipo tu ya kati ya Maui na Lanai. Kwa hiyo angalia hoteli yako iko wapi kwanza.

Ukiwa Oahu, yaani Honolulu na Waikiki, chaguo ni nyingi kuliko kwingine ila nyingi ziko mbali na Waikiki. Kule Laie kaskazini kuna Polynesian Cultural Center, kilifunguliwa mwaka 1963 na kinaendeshwa na kanisa la Wamormoni, ni kama kijiji kikubwa chenye vijiji vidogo vya Samoa, Tonga, Fiji, Tahiti, Wamaori na Hawaii yenyewe, na wengi wanaowahudumia ni wanafunzi wa chuo cha jirani wanaolipia masomo yao kwa kazi hiyo. Hapo hakuna pombe kabisa na Jumapili hawafungui. Ni siku nzima, siyo jioni tu, kwa hiyo kwa familia yenye watoto wa shule naipendekeza sana, ila ujue unachoenda kuona ni Pasifiki nzima, siyo Hawaii peke yake. Kutoka Waikiki weka saa nzima na zaidi barabarani. (Na kwa vile ni Oahu, Wakenya mnajua tayari, baba yake Obama alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959 na Barack akazaliwa Honolulu 1961, mwenyeji ukimwambia unatoka Kenya hilo atalitaja kabla hujamaliza sentensi.)

Ukiwa Maui, mimi nasema Old Lahaina Luau bila kusita. Imeanza 1986, shoo yao ni Hawaii tupu, wanasimulia safari ya hula, ngoma ya asili ya Hawaii, toka zamani hadi sasa, hutaona moto ukizungushwa na nitaeleza kwa nini hiyo ni sifa. Ule moto mkubwa wa tarehe 8 Agosti 2023 uliteketeza mji wa Lahaina, zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wao wakafunga wakafungua tena Machi 2024. Ukienda kumbuka unakula na watu ambao wengi wao walipoteza nyumba au ndugu, usianze kuwauliza uliza habari za moto kama unafanya mahojiano, wakitaka kusema watasema wenyewe, na magofu siyo ya kupigia selfi.

Kauai kuna mbili ninazoziamini kwa watu wa aina mbili tofauti. Smith Family Garden Luau kule Wailua ni ya familia, kuna bustani ya kutembea, wanafukua nguruwe mbele yenu, na shoo inagusa pia Wachina, Wajapani na Wafilipino waliokuja kufanya kazi mashambani, ambayo ni kweli ya Hawaii ya leo. Luau Kalamaku pale Kilohana karibu na Lihue ni mchezo wa kuigiza hasa, hadithi ya familia inayosafiri kwa mtumbwi kutoka Tahiti, steji iko katikati watu mmezunguka na mmekaa chini ya paa. Kauai mvua haina adabu, hilo paa usilidharau.

Hatua ya pili, anzia jikoni

Hii ndo hatua ambayo ukiikosea umekosea zote. Usiulize kwanza habari za ngoma, uliza: nguruwe anapikwa hapo hapo kwenye imu au analetwa? Imu ni shimo ardhini, wanawasha kuni, nyingi za mti wa kiawe, wanapasha mawe ya volkano mpaka yawe mekundu, juu wanatandika vigogo vya migomba vilivyopondwa ili vitoe mvuke, anaingia nguruwe, wanafunika kwa majani ya ti na ya migomba, magunia yaliyoloa, udongo juu, wanaacha masaa sita, nane, wengine usiku mzima. Nyama ikitoka inachambuka kwa vidole na ina harufu ya moshi ambayo oveni ya hoteli haiwezi kuitoa hata wafanyeje, na hiyo ndo wanaita kalua. Luau inayopika pale pale huwa inawaita wageni mapema mshuhudie ikifukuliwa. Kama kwenye ratiba yao hakuna kipengele cha imu, piga simu uulize, wakizunguka zunguka na jibu umeshapata jibu.

Swali la pili la jikoni ni poi. Poi ni magimbi yaliyochemshwa yakapondwa na maji mpaka yawe kama uji mzito wa zambarau, na wenyewe wanapima uzito kwa vidole, ya kidole kimoja ni nzito, ya vidole vitatu ni nyepesi, unachovya unalamba. Ikikaa siku mbili tatu inachachuka na wazee ndo wanaipenda hivyo, mtu aliyekulia togwa haitamshangaza. Kosa letu siku ile ni kuila peke yake kama kitindamlo. Poi ni kama ugali wao, huwezi kumpa mgeni ugali mkavu bila mboga halafu umuulize umeuonaje! Chovya, halafu weka mdomoni na kipande cha kalua chenye chumvi au samoni wa lomi, yule wa chumvi na nyanya na kitunguu kama kachumbari, hapo ndo utaielewa.

Na kuna jambo zito nyuma yake. Katika masimulizi yao mtoto wa kwanza wa Wakea na Hoohokukalani alizaliwa amekufa, wakamzika, pale kaburini ukaota mgimbi, na mtoto wa pili aliyezaliwa mzima akapewa jina lile lile la Haloa na ndo babu wa watu wote wa Hawaii. Kwa hiyo gimbi ni kaka yao mkubwa. Wengi wamefundishwa kwamba bakuli la poi likifunguliwa mezani hakuna kugombana. Sasa mgeni akikunja pua akasema gundi ya kubandika karatasi (na wageni wanasema hivyo kila siku, nimesikia kwa masikio yangu) fikiria anayemsikia anajisikiaje.

Menyu nzuri basi iwe na kalua, poi, laulau yaani nyama iliyofungwa ndani ya majani ya magimbi, luau yenyewe ya kuku au pweza, samoni wa lomi, poke ya samaki mbichi, viazi vitamu, na haupia ambayo ni tui la nazi lililogandishwa likakatwa vipande. Tambi za kuku zitakuwepo, hizo zilikuja na Wachina na ni za halali kabisa pale mezani kihistoria. Ukiona menyu ni kuku wa teriyaki, saladi ya makaroni, mikate na keki na kalua kidogo pembeni, hiyo ni bufee yenye maua.

Waislamu, nguruwe ndo kiini cha karamu hii kwa hiyo msiende kwa kubahatisha. Pigeni simu muulize maswali matatu: kuna samaki wa kupikwa pembeni? vile viazi na laulau ya kuku vimepikwa shimo moja na nguruwe? na mnaweza kutuletea sahani mezani badala ya kuchota bufee ambako vijiko vinahama hama? Sehemu zenye kuheshimu wageni zinajibu vizuri ukiwaambia siku kadhaa kabla. Usitegemee nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wetu, tegemea vya baharini.

Hatua ya tatu, ngoma ni ya nani

Chukua mfano wa nyumbani. Mtalii anafikia hoteli ya Zanzibar, jioni anaonyeshwa Wamasai wakiruka, anarudi kwao anasema nimeona ngoma ya Kizanzibari. Wamasai ni wetu na ngoma yao ni nzuri, ila si ya Zanzibar. Hivyo hivyo lile panga la moto ni la Wasamoa, na hata kuliwasha moto kulianza mwaka 1946 na Msamoa mmoja aitwaye Freddie Letuli alipokuwa San Francisco. Viuno vya kasi na ngoma zinazopigwa haraka haraka ni Tahiti. Vifuu vya nazi kifuani siyo vazi la hula. Hula ya Hawaii ina namna mbili, kahiko ya zamani inayokwenda na mashairi ya kughanwa na ngoma ya pahu au kibuyu, na auana ya baadaye yenye gitaa na ukulele, na ukulele nao ulitokana na kigitaa walichokuja nacho Wareno wa Madeira mwaka 1879. Mikono ndo inasimulia, ukikazana kuangalia kiuno umeikosa hadithi.

Hula iliwahi kupigwa marufuku hadharani mwaka 1830 kwa msukumo wa wamisionari, mfalme Kalakaua akairudisha kwa heshima kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883. Ndo maana yale mashindano makubwa ya Hilo, Merrie Monarch, yanabeba jina lake la utani. Yanafanyika kila mwaka wiki ya Pasaka na kuendelea, likizo yako ikiangukia hapo na ukapata tiketi, iache luau nenda huko.

Kwa hiyo soma maelezo yao. Wakisema wazi hii ni shoo ya Polinesia, yaani visiwa vya Pasifiki kama Samoa na Tahiti pamoja na Wamaori, hamna shida, wamekuwa wakweli na watoto wataupenda moto. Wakiita vyote ni utamaduni wa kale wa Hawaii, pita. Angalia pia kama wanamtaja kumu hula, yaani mwalimu, na shule ya hula ya wachezaji, wanaofuata mila huwa hawafichi mwalimu wao ni nani. Na Mhawaii kule ni mwenye asili ya visiwa, siyo kila anayeishi pale, usichanganye.

Hela na viti

Mtu mzima anza kuhesabu dola 150, viti vya mbele vinapita 200, juu yake kodi inayokaribia asilimia 5 na bahshishi kama haijajumlishwa. Watoto wanapunguziwa, wadogo kabisa sehemu nyingi ni bure. Mimi ushauri wangu ni huu, afadhali kiti cha kati kwenye luau nzuri kuliko cha mbele kwenye mbovu, ila cha nyuma kabisa usikubali, maana wanaita meza kwa meza kwenda kuchukua chakula na daraja la chini linaitwa mwisho. Vinywaji kwa kawaida vimo kwenye bei, kama hunywi uliza kama kuna tiketi ya bei ndogo. Soma pia mvua ikinyesha inakuwaje, wengine wanarudisha hela wengine wanakupa koti la plastiki.

Tarehe na masaa

Weka luau siku za mwanzo za safari, siyo ya mwisho, ikiahirishwa una nafasi. Ila siku ya kufika yenyewe hapana, Hawaii iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa masaa 13 na usingizi utakupiga mezani. Ukiwa Dar na unataka kuwapigia, saa tatu usiku kwako ni saa mbili asubuhi kwao siku hiyo hiyo. Jua mwezi wa 12 linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, mwezi wa 6 kwenye saa moja na robo, na luau nyingi zinaanza saa kumi na moja, kwa hiyo kipindi cha baridi fika mapema kama unataka picha. Pande za magharibi, Kona, Lahaina, Ko Olina ya Oahu, ni kavu zaidi, mashariki mvua nyingi. Na kama mtakunywa msiendeshe, chukueni tiketi yenye basi, halafu kutoka Waikiki jioni foleni yake inawakumbusha Mandela Road ya Dar.

Kama hela haitoshi, au unataka ile ya moyoni

Makanisa, shule na vikundi vya mitumbwi huandaa luau za kuchangisha fedha, tiketi ni nafuu, wapishi ni wazazi wenyewe na meza zimetandikwa ukumbini. Hazitangazwi hotelini, uliza muuza duka, uliza dereva, angalia mabango sokoni. Waite wakubwa anti na anko, kule ni heshima kama kwetu tunavyosema mama na baba hata kwa mtu usiyemjua. Ukialikwa nyumbani usiende mikono mitupu, vua viatu mlangoni, na ukifungiwa chakula cha kubeba pokea.

Siku yenyewe

Vaa nguo nyepesi ndefu kidogo na ndala, upepo wa usiku baharini unapuliza. Sala ikisomwa simama kimya, ndo chakula kinaanza hapo. Usiwashike wachezaji, usipande steji mpaka uitwe. Asante ni mahalo, chakula kitamu ni ono.

Utavishwa lei shingoni, ile taji ya maua. Usiikatae na usiivue mbele ya aliyekuvisha. Mjamzito aombe iliyo wazi, isiyofungwa duara, wenyewe wana imani kuhusu kamba kuzunguka shingo ya mtoto na watakuelewa mara moja, na wewe dada mjamzito poke mbichi iache. Ukirudi hotelini usiitupe lei kwenye pipa la taka. Ivue uzi, maua yarudishe chini ya mti au kwenye bustani, uzi ndo utupe.